Familia zimekata kifurushi, sasa antena isiguswe

Familia inayoacha kulipia televisheni kila mwezi na kurudi kwenye antena, au kutazama kwa simu na wai-fai, haijamkosea mtu. Imekaa chini, ikapiga hesabu, ikaona haiingii. Wenye kosa ni waliomlazimisha Mkenya kununua stesheni chungu nzima asizozijua ili apate mbili tatu anazozitaka, wakadhani hatakuwa na pa kwenda.

MultiChoice, kampuni ya Afrika Kusini yenye DStv na GOtv, ilieleza yenyewe katika hesabu za mwaka ulioishia Machi 2025 kwamba imepoteza wateja milioni 2.8 kwa miaka miwili na kubaki na milioni 14.5 barani Afrika. Septemba 2025 ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Wakuu wake wamelaumu kushuka kwa thamani ya sarafu, gharama ya maisha, ukosefu wa umeme na uharamia. Yote hayo yapo. Lakini tunawaambia bila kuzunguka: bei zenu pia zimewafukuza watu. Kifurushi cha juu kabisa cha DStv hapa Kenya kimepita shilingi 10,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba katika mitaa mingi ya Nairobi, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayeiweka mbele ya karo.

Zaidi ya bei, kuna namna biashara yenyewe ilivyopangwa. Shabiki wa soka anataka mechi za wikendi za Ligi Kuu ya Uingereza. Hauziwi mechi hizo peke yake. Kubwa kubwa zimefungiwa katika vifurushi vya juu, na ili azifikie sharti alipie pia mapishi, mitindo na filamu za zamani zinazorudiwa hadi mtoto anajua maneno yake kwa moyo. Siku 30 zikianza kuhesabiwa, zinahesabiwa tu. Stima ipotee siku nne, mgonjwa alazwe, familia iende mashambani kwa mazishi, siku zinakatwa vilevile. Kwa miaka watazamaji wameomba kulipia walichotazama, wakajibiwa kwamba mitambo haijui nani ametazama nini. Kampuni zinazouza filamu mtandaoni zilipokuja na kumruhusu mteja kujiondoa siku yoyote kwa kubofya mara moja, jibu hilo lilipoteza maana yake.

Nenda Kayole au Umoja uone watu wanakokimbilia. Fundi amepanda juu ya mabati na bomba la chuma na antena ya alumini. Mwenye nyumba amesimama mlangoni na rimoti, anapaza sauti: bado, bado, geuza kidogo, hapo hapo, imeshika! Antena imeelekezwa upande wa Limuru, ilipo mitambo inayorushia jiji matangazo. Runinga inaanza kutafuta stesheni na majina yanajipanga kwenye kioo: KBC, Citizen, NTV, KTN, Inooro na nyingine nyingi. Runinga nyingi za sasa zimeundwa zikiwa na uwezo huo ndani, hazihitaji hata king'amuzi. Fundi akishalipwa, malipo yameisha. Hakuna namba ya akaunti wala tarehe ya kukatiwa, na bibi wa miaka themanini atatazama taarifa ya saa moja bila kumpigia mjukuu simu atume pesa.

Hatutawatetea wanaonunua viungo vya mtandaoni vya wizi ili watazame mechi bure. Huo ni wizi, hata ukifanywa na jirani mpole. Waigizaji wetu, ambao tayari wanalipwa kidogo na kwa kuchelewa, ndio huumia kwanza kazi zao zinaposambazwa kiholela katika Telegram siku ya kwanza ya kutoka. Ila kampuni isitumie uharamia kama blanketi la kufunika kila doa lake. Nchini Marekani, kwa mujibu wa vipimo vya Nielsen, kampuni inayopima utazamaji, Mei 2025 ndio mwezi wa kwanza ambapo utazamaji wa mtandaoni ulizidi ule wa kebo na wa stesheni za hewani ukijumlishwa pamoja. Mamilioni ya waliohama kule wanalipia wanachotazama. Walichokataa ni kifurushi.

Hata hivyo, wanaodhani mtandao utaziba pengo lote wanawasahau Wakenya wengi. Mwenye faiba nyumbani, Kilimani au South B, atatazama usiku kucha bila kuhesabu. Aliyeko Kitui au Kwale ananunua bando, na kabla hajafungua filamu amekatwa ushuru wa asilimia 15 kwenye data, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake. Serikali hiyohiyo inayojisifu kuwa taifa la kidijitali inatoza mlango wa kuingilia. Wala ukarimu wa kampuni za mtandaoni si wa kutegemewa. Netflix ilipowapa Wakenya kifurushi cha bure kwenye simu za Android mwaka 2021, wengi walishangilia. Kufikia mwisho wa 2023 kilikuwa kimefungwa. Ilikuwa haki yake kukifunga, na ndiyo sababu huduma ya umma haiwezi kuachiwa kampuni ya namna hiyo.

Kinachobaki kwa mwananchi wa kawaida ni antena, na hapo ndipo lawama yetu nzito zaidi inapoelekea, kwa sababu mawimbi hayo yameshaguswa zaidi ya mara moja. Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani karibu wiki tatu. Januari 30, 2018, Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alipojiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika Uhuru Park, serikali ilizima stesheni hizohizo. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, na amri ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, vijana wakiwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilipiga marufuku kuonyesha maandamano moja kwa moja na matangazo yakakatwa, mpaka mahakama ikasimamisha agizo hilo.

Fikiria nani aliyebaki gizani siku ile. Mwenye wai-fai alifungua YouTube akaendelea kuona. Aliyekatiwa habari ni mama wa Kayole mwenye antena, ambaye huenda mwanawe alikuwa mjini na alitaka kujua kama yu salama. Agizo lililotolewa kwa jina la usalama wa taifa lilimwangukia yule asiye na njia nyingine. Ibara ya 34 ya Katiba inaikataza serikali kuingilia utangazaji, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari. Hazitaji antena kwa jina, lakini hakuna chombo kinachozitimiza kwa watu wengi na kwa bei ndogo kama hicho.

Uingereza imeahidi kulinda matangazo ya antena hadi angalau 2034, na hata huko mjadala wa kitakachofuata ni mkali, kwa kuwa wazee na maskini ndio wasio na intaneti ya kutosha. Sisi hatuna hata ahadi. Tunaitaka Mamlaka ya Mawasiliano iitoe kwa maandishi na itaje mwaka. Tunaitaka pia iagize kwamba king'amuzi chochote kilichonunuliwa kwa pesa za mteja kiendelee kuonyesha stesheni za bure baada ya kifurushi kwisha, na kampuni itakayozizima itozwe faini inayouma. Stesheni iliyokosea ishtakiwe yenyewe mahakamani. Mtambo unaolisha nyumba maelfu usizimwe kwa barua ya afisa.

Bunge nalo lina deni. Afrika Kusini na Uingereza zina orodha za michezo ya kitaifa ambayo haiwezi kufungiwa nyuma ya malipo. Mechi za Harambee Stars na mbio za wanariadha wetu kwenye Olimpiki zinastahili orodha kama hiyo, katika sheria, kabla ya mkataba mwingine wa haki za matangazo kusainiwa. Na katika Mswada wa Fedha ujao, ule ushuru wa asilimia 15 kwenye data uondolewe.