Jina la Mtoto na Herufi Zake



Siku hizi wazazi wengi waletao watoto kwa Ubatizo wana jina ambalo si gumu kulisikia, bali ni gumu kuliandika. Mmoja ataka Jenipher, wa pili Jennifer, wa tatu Jenifa. Na nyumbani wote watatu huitwa Jenifa tu. Liko na jina Happyness, lililoenea sana katika nchi yetu. Waingereza huliandika neno hilo kwa i, lakini kwetu y imekwisha kuwa mwenyeji. Katika y hamna dhambi. Neno la kuuliza ni hili: mgeni akilisoma jina kitabuni, je, atamwita mtoto kama mama yake amwitavyo?

Tabora imelijua jambo hili tangu zamani, maana njia ya misafara ilileta watu wa lugha nyingi. Tazameni herufi J. Mjerumani huisoma kama y yetu. Mfaransa huitamka kwa sauti ambayo Kiswahili hakina. Mwingereza huitamka karibu na sisi tusemavyo jina. Wajerumani walitawala Tabora hata Septemba 1916, wakaja Wabelgiji, kisha Waingereza. Basi katika miaka hiyo michache mtu mmoja aliweza kuandikwa Johannes, kisha Jean, kisha John, naye kwa mkewe ni Yohana yule yule. Vitabu vyetu vya dini vilifanya vema kuandika Yohana, Yosefu na Yakobo: herufi zikaufuata mdomo.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha hapa, alibatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius. Kilatini cha Kanisa husoma Yulius. Watu wengi husema Juliasi. Sauti ni mbili, lakini maandishi yalibaki mamoja, na jina halikupotea.

Tena ziko R na L. Kinyamwezi hupenda L, kwa hiyo bibi humwita mjukuu wake Malia. Hata mtemi mkuu, aliyefariki mwaka 1884, vitabu vyamwandika Mirambo, na shule ya mjini kwetu huandikwa Milambo. Walimu, msimcheke mtoto kwa ajili ya ulimi wa kwao. Someni Waamuzi, sura ya 12: Waefraimu walipimwa kwa neno moja, Shibolethi, na aliyeshindwa kulitamka aliuawa kwenye vivuko vya Yordani. Ulimi wa mtu usifanywe mtego tena.

Lakini kalamu haina udhuru huo. Padri aandika Ester, mwandishi wa serikali Esther, mwalimu Esta. Miaka ishirini ikipita, binti aomba kazi, naye aambiwa vyeti vyake ni vya watu watatu. Ndipo aende kwa wakili, aape na kulipa fedha, ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Umaskini umeanza kwa herufi moja.

Kwa hiyo, wazazi, lisomeni jina kwa sauti mbele ya bibi na babu kabla ya kuja kanisani. Wakiweza kulitamka, liandikeni katika karatasi, mkaionyeshe karatasi hiyo hiyo kila mahali. Nanyi walimu, nakilini kutoka cheti. Msisahihishe kwa akili zenu. Wala msiyaache majina ya wazee. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye awafuataye. Majina hayo husomwa kama yaandikwavyo, tena yaeleza habari za nyumba. Yakae kando ya jina la mtakatifu.

Zakaria alipokuwa bubu, jamaa walitaka mtoto aitwe kwa jina la baba. Mama alikwisha kusema Yohana. Baba akaomba kibao, akaandika Yohana. Mdomo wa mama na mkono wa baba vilipatana. Na iwe hivyo katika nyumba zetu.