Tope la Kabazi: Nani hukagua barabara kabla ya dereva kukwama?

MVUA ya masika inapoanza kunyesha katika eneo la kati la Bonde la Ufa, swali moja hutangulia mengine yote miongoni mwa wakazi wa Kabazi, Kaunti ya Nakuru: je, barabara inapitika? Huliuliza mwenye pikapu ya kubeba maziwa alfajiri, utingo wa matatu kabla ya kuita abiria, na jamaa za mgonjwa wanapotafuta gari usiku. Jibu hutolewa na yeyote aliyepita mwisho. Iwapo aliyepita ni mwendeshaji wa bodaboda, jibu lake halimfai mwenye lori, na iwapo alipita kabla ya mvua ya jioni, halimfai mtu yeyote.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba wengi huiona kama majaliwa. Sivyo. Tope la Kabazi lina majira yake, lina mahali pake na lina sababu zake, na kila kimoja kati ya vitu hivyo kinaweza kujulikana mapema. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kulikagua na kutangaza alichokiona.

Kabazi ni mojawapo ya wadi tatu za eneobunge la Subukia, pamoja na Subukia yenyewe na Waseges. Iko kaskazini mwa mji wa Nakuru, karibu na mstari wa ikweta. Wakazi wake hutegemea mahindi, maharagwe, mboga na ng'ombe wa maziwa. Mahindi yaweza kukaa ghalani hadi njia ikauke. Maziwa hayangoji. Lita zilizokamuliwa asubuhi zisipofika penye mtambo wa kupozea kwa muda ufaao huharibika, na mkulima huwa amepoteza chakula cha ng'ombe, jasho lake na malipo ya siku hiyo kwa pamoja.

Katika nchi zenye baridi kali, theluji huleta tatizo la aina hii hii, na huko jibu lilipatikana zamani. Nchini Uswisi, barabara zinazopita juu ya milima, kama ile ya Furka, hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa theluji inapoondolewa, na msafiri hujulishwa kabla ya kuondoka nyumbani. Nchini Norway, dhoruba inapozidi, magari hupangwa msafara mmoja na kuongozwa na gari la kusukuma theluji. Hata barani Afrika mfano upo. Njia ya Sani, inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi Lesotho kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,800, huruhusu magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne pekee kwa upande wa Afrika Kusini, na hufungwa theluji au barafu inapofanya mteremko kuwa wa hatari.

Mkazi wa Kabazi hana theluji ya kuogopa. Septemba 2008, habari za aina hiyo zilivuma kutoka jirani, pale wakazi wa Busara karibu na Nyahururu walipoona mteremko mzima umefunikwa na weupe wa barafu. Wengi waliiita theluji, ingawa ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Lakini funzo la Sani na la Furka halihusu theluji peke yake. Linahusu njia ambayo hubadilika kwa majira, na wajibu wa anayeisimamia kumweleza msafiri imebadilika vipi.

Nusu ya kazi hiyo tayari hufanywa nchini Kenya. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na ina maafisa katika kaunti. Inafahamika kwamba eneo la kati la Bonde la Ufa halipati mvua kati ya Machi na Mei pekee, bali pia huweza kupata mvua kuanzia Juni hadi Agosti, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ndiyo kusema kwamba barabara ya udongo katika sehemu hizo huwa na muda mfupi sana wa kukauka na kukarabatiwa kuliko ilivyo katika maeneo mengine mengi.

Hata hivyo, milimita za mvua si hali ya barabara. Utabiri humweleza dereva kitakachoanguka kutoka angani, haumwelezi kilichotokea ardhini. Mvua ya kiasi kile kile huweza kuiacha njia moja ikipitika na kuiharibu nyingine kabisa, kutegemea mteremko, aina ya udongo, mitaro na uzito wa magari yaliyopita.

Barabara ya udongo hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke kando hadi mitaroni. Mgongo huo ukishalika, maji hubaki barabarani. Mvua ya kwanza hulainisha uso tu, na gari dogo bado huweza kupita kwa utaratibu. Mvua ikiendelea kwa siku kadhaa, maji hupenya hadi chini na udongo hukosa nguvu ya kubeba mzigo. Hapo ndipo lori moja lililojaa, likipita katika saa isiyofaa, huchimba mifereji miwili mirefu ambayo hugeuka kuwa vidimbwi. Gari linalofuata hukwepa, hupanua uharibifu hadi ukingoni na kuuziba mtaro. Wiki moja baadaye, njia iliyohitaji kupumzishwa kwa siku mbili huhitaji greda.

Kwa hiyo ukaguzi haumlindi msafiri peke yake, unailinda pia barabara. Tangazo kwamba malori yasubiri hadi kesho adhuhuri lingeweza kuokoa gharama kubwa kuliko ile ya kumlipa mtu wa kutembea njiani na kutazama. Anayekagua hahitaji mitambo. Anahitaji kujua mahali ambapo njia huharibika kila mwaka, kupima kina cha mifereji, kuchungulia kalvati kama imeziba, na kuhesabu saa zilizopita tangu mvua ikatike. Madereva wenye uzoefu hufanya hivyo kila siku. Tatizo ni kwamba maarifa yao hubaki vichwani mwao, au huishia kwa wachache walio na nambari zao za simu.

Si kwamba kaunti hii haijui thamani ya ukaguzi. Tangu 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, magari ya kasi yamekuwa yakishindana Naivasha na katika maeneo ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, yote ndani ya Kaunti ya Nakuru. Kabla ya mashindano, kila dereva na msaidizi wake hupitia njia polepole, wakiandika kila kona, kila jiwe na kila mahali penye vumbi laini au tope. Katika mbio za Monte Carlo, ambako barafu ni ya kawaida, timu hutuma hata watu wa kutangulia saa chache kabla ili kurekebisha maandishi hayo. Hakuna dereva wa mashindano anayekubali kuondoka bila habari za njia. Mwenye pikapu ya maziwa huondoka hivyo kila asubuhi.

Sheria nayo imegawa kazi ya barabara kwa taasisi nyingi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti mamlaka juu ya barabara za kaunti, na serikali hizo zikaanza kazi 2013. Kujenga na kukarabati kumegawanywa, tena kwa mabishano mengi. Kumwambia mwananchi jinsi barabara ilivyo leo hakukuwekwa wazi mikononi mwa yeyote, na jambo la wengi bila mwenyewe huwa si la mtu.

Fedha nazo zimekuwa chanzo cha mvutano. Julai 2024, ushuru wa kudumisha barabara uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Magavana na wabunge wamezozana hadharani kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru huo ambazo kila upande ulitaka kuzisimamia. Mwendeshaji wa bodaboda wa Kabazi hulipa kiasi sawa kwa lita na mwenye gari la kifahari anayesafiri juu ya lami. Ana haki ya kuuliza, kama si lami, basi walau habari.

Sababu halisi ya kutokuwapo kwa habari hizo huenda isiwe fedha. Katika siasa za Kenya, barabara ni ushahidi wa kazi. Kiongozi huzindua barabara, hupigwa picha akiwa kando ya greda, na huhesabu kilomita anapoomba kura. Bango linalosema kwamba njia haipitiki kwa wiki hii husomeka kama kampeni dhidi yake. Afisa anayelitia sahihi hujiweka pabaya, ilhali anayenyamaza hapotezi chochote. Hivyo kila ofisi hupendelea barabara ambayo rasmi iko wazi mwaka mzima, hata kama imezama.

Gharama ya kutokagua haiishii kwenye maziwa yaliyomwagwa. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai, jirani na Kabazi, lilibomoka baada ya mvua nyingi na kuua watu wasiopungua 47. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu katika kaunti hii hii, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka kwenye njia ya maji iliyo chini ya reli yalifyatuka na kusomba nyumba, na watu zaidi ya 45 wakafariki. Bwawa si barabara, na mafuriko si gari lililokwama. Lakini maswali yaliyoachwa na mikasa hiyo ni yale yale: nani alikagua, lini, na alimwambia nani?

Wapo watakaosema kwamba kufunga barabara ni kumwadhibu mkulima mara mbili. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa ng'ombe hukamuliwa hata siku ya mvua, na mama mjamzito hawezi kuambiwa asubiri jua. Ndiyo maana tangazo lisiwe la kufunga au kufungua tu. Liwe la daraja: njia hii inafaa bodaboda na magari mepesi, ile yafaa trekta pekee, malori yazunguke kwa njia nyingine. Tangazo la namna hiyo halimzuii mkulima, humsaidia kuchagua. Na gari la wagonjwa lisilopotezea saa nzima katika njia iliyokatika huenda likafika kwa wakati.

Njia za kulitimiza hilo zipo. Machifu na manaibu wao wako katika kila lokesheni. Vyama vya bodaboda vina wanachama wanaopita kila kijia kabla ya jua kuchomoza. Redio za lugha za mashinani husikilizwa jikoni na zizini. Afisa wa hali ya hewa wa kaunti ana utabiri. Kinachobaki ni serikali ya kaunti na KeRRA kukubaliana ni nani atakayekusanya habari kutoka wadi zote 55 za Nakuru kila jioni ya msimu wa mvua, azitangaze kwa jina lake, na awajibike zikiwa za uongo.

Habari hizo zikiandikwa mwaka hadi mwaka, zitafaa pia kwa jambo la pili. Zitaonyesha ni sehemu zipi hukatika kila masika, na kwa siku ngapi. Orodha hiyo ingekuwa msingi wa haki wa kuamua kalvati na changarawe zipelekwe wapi kwanza, badala ya kufuata kelele za mwenye nguvu. Pengine ndiyo sababu nyingine ya kutoharakishwa kwake. Wakazi wa Kabazi wameivumilia mvua siku zote, na mvua hawana wa kumshtaki kwayo. Kutoambiwa hali ya barabara yao ni jambo jingine, na hilo lina ofisi zake.