Uhuru ilienda angani, sisi tukabaki ufukweni

Juzi usiku umeme ulikatika, nikakaa ufukweni Bagamoyo. Nyota tele! Nikakumbuka kitu ambacho shuleni sikuambiwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Waitalia waliirushia NASA setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi, likiwemo la Virgo, yanatoa eksirei kwa wingi.

Chanzo ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Sasa jiulize, gesi ya moto hivyo mbona haitawanyiki? Katika M87, galaksi kubwa ya duaradufu iliyomo Virgo, wanasayansi baadaye walipiga hesabu: uzito wa nyota na gesi yenyewe hautoshi kuizuia. Kinachoizuia hakionekani. Ndiyo maada giza.

Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti wa Uhuru, alipata Nobeli mwaka 2002. Sisi je? Tulitoa bahari na jina.

Jamani, jina halitoshi. Watoto wa pwani tunawasimulia misafara na magofu ya Kaole. Tuwasimulie na hili, kwa Kiswahili hikihiki, ili safari ijayo watoe na hesabu.