Wasikilizaji walio mbali wasisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu matangazo ya redio kwa lugha ya Kiitaliano.

Huenda wasomaji wengine wakauliza, Kiitaliano kinamhusu nini mtu wa Iringa? Mimi kinanihusu. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi katika misheni moja huku kwetu. Hapo palikuwa na padri mzee, Mwitaliano, mwenye redio ya masafa mafupi. Kila Jumapili jioni alitega sikio kusikiliza RAI, shirika la utangazaji la nchi yake. Kipindi alichokipenda ni kile cha mpira kilichoanza mwaka 1960, ambacho watangazaji hupokezana kutoka kiwanja hiki hadi kile. Timu yake ikifunga bao alipiga meza kwa furaha, nasi tukacheka naye.

Mwaka 2007 RAI ilifunga matangazo yake ya masafa mafupi. Mzee alitafuta stesheni yake mpaka betri zikaisha. Akadhani redio imeharibika, akanipa niitengeneze. Ndugu Mhariri, redio ilikuwa nzima kabisa.

Hata nyumbani Italia, ambako redio ilianza kutangaza Oktoba 1924, RAI ilizima mitambo yake ya masafa ya kati Septemba 2022. Hoja inayotolewa ni kwamba mitambo ya namna hiyo hula umeme mwingi, na siku hizi kuna intaneti. Hoja hiyo ina uzito. Lakini je, baharia aliye katikati ya bahari, au mzee aliye kijijini kusiko na mtandao, afanye nini?

La kushangaza ni kwamba wengine nje ya Italia wanaitunza lugha hiyo redioni. Mjini Koper, katika nchi ya Slovenia, iko Radio Capodistria iliyoanza mwaka 1949, ambayo hadi leo inawatangazia Waitaliano wachache wa huko kwa lugha yao. Uswisi nayo ina shirika la RSI kwa ajili ya wananchi wake wasemao Kiitaliano, ingawa hawafiki mmoja katika kila kumi. Redio Vatikano, iliyojengwa na Marconi na kufunguliwa mwaka 1931, bado inatangaza kwa Kiitaliano, na kwa Kiswahili pia.

Ushauri wangu kwa wakuu wa redio popote walipo, wetu wakiwamo, ni huu: kabla ya kuzima mtambo, ulizeni kwanza ni nani bado anausikiliza. Mwenye intaneti atalalamika nanyi mtamsikia. Asiye nayo atabaki akizungusha redio yake, akidhani imeharibika.

Fundi Mstaafu,
Iringa.