Bi harusi, mnunulie kijitaa kinachorudi nyumbani



Sisi tuliokulia Unguja tunazijua taa za baharini. Ukisimama ufukweni usiku wa giza unaziona kule nje zimejipanga kama mji wa pili: wavuvi wa dagaa na karabai zao, na siku hizi taa za betri. Hata mwanamke asiyewahi kupanda ngalawa anajua kwamba mbalamwezi ikikamilika dagaa huadimika sokoni, kwa sababu mwanga wa mwezi huushinda mwanga wa taa na samaki hawakusanyiki. Zile tarehe 13, 14 na 15 tunazofunga Ayyamul-Bidh, wavuvi wengi wa dagaa huwa wamepumzika.

Kisha tukaolewa Singida, mtu na mdogo wake, tukafungua chumba cha cherehani tunachoshonea nguo za harusi. Tulidhani habari za uvuvi tumeziacha pwani. Kumbe Singida nayo ina maji yake. Singidani na Kindai yapo hapo hapo mjini, na Kitangiri liko Iramba, ziwa la kina kifupi ambalo maji yake hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Hata ngege, yule jamaa wa perege ambaye asili yake ni Ziwa Victoria, Waingereza wamempa jina la Singida. Na kuna kambale, ambaye hupenda kutafuta chakula usiku. Ndiyo maana wapo wanaume wa huku wanaokesha ukingoni na fimbo ya ndoana.

Leo tunataka kusema neno juu ya hao wa ndoana, na neno lenyewe linawahusu mabi harusi kuliko mnavyodhani.

Alikuja bi harusi mmoja kupima gauni mara ya mwisho, mkononi ana orodha ya mapambo. Ndani ya orodha mlikuwa na vijiti vya mwanga, pakiti kwa pakiti, vya kugawia watoto ukumbini. Mnavijua: kibomba cha plastiki unakipinda, kinalia "ta!", kinawaka kijani au waridi mpaka karibu na asubuhi, kisha kinakufa. Akatuambia huku anacheka, "Dada fundi, vidogo vya aina hii ndivyo mchumba wangu anavyofunga kwenye ndoana yake. Kila usiku anavunja kimoja." Halafu kicheko kikakatika. "Na pesa ya harusi yote imetoka humo humo kwenye ndoana."

Tukaweka sindano chini tukamsikiliza.

Kwa wasiojua, taa ya ndoana siyo kama karabai ya dagaa. Karabai humwita samaki, lakini kijitaa cha ndoana ni kwa ajili ya jicho la mvuvi. Hufungwa ncha ya fimbo au juu ya chelezo. Samaki akigusa chambo, ncha inatikisika na kijitaa kinacheza, mvuvi anavuta. Bila mwanga huo inabidi ashike tochi usiku kucha au aubane mshipi kwa kidole mpaka alfajiri. Koroboi haisaidii, upepo unaizima, na mafuta ya taa si rahisi tena tangu Serikali ilipoyapandishia kodi mwaka 2011 ili yasichanganywe kwenye dizeli.

Kile kijiti ndani yake kina kichupa chembamba cha kioo. Ukipinda kioo kinavunjika, maji mawili tofauti yanachanganyika, mwanga unatoka. Yakishachanganyika hakuna kurudi nyuma. Ukikitia kwenye friji mwanga wake utadumu zaidi, ila utafifia, na mwisho wake ni ule ule. Ni taa ya usiku mmoja, na ikizimika hutupwa pale pale ukingoni, plastiki na kioo chake, mahali ambapo ng'ombe wanakunywa na watoto wanachota maji.

Tukapiga hesabu juu ya karatasi ya kukatia nguo. Tuseme kijiti kimoja ni shilingi 500 na mwanamume anatoka mara 20 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 10,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 120,000. Bei ya kwenu inaweza kuwa nyingine, lakini hesabu haibadilishi njia: kila usiku anaanza kazi akiwa tayari amelipa, apate samaki asipate.

Ndipo tukampa rai yetu, na ndiyo tunayowapa nyinyi: mnunulie mwenzako kijitaa kinachorudi nyumbani. Zipo taa ndogo za ndoana zinazotumika tena na tena, nyembamba kiasi cha kutosha ncha ya fimbo. Tumezikagua kama tunavyokagua kitambaa, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ujue betri. Nyingi hutumia betri nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, imeandikwa CR425. Taa inabaki lakini betri ikiisha unanunua nyingine. Nyingine huja na betri ya kuchajiwa pamoja na chaja yake ndogo. Zinafanana kwa macho, kwa hiyo usome kilichoandikwa. Betri isiyo ya kuchajiwa usijaribu kuichaji, inaweza kupasuka au kuwaka moto.

Pili, iwe nyepesi. Taa nzito huilemea ncha ya fimbo, na mguso mdogo wa samaki hauonekani. Rangi ya kijani jicho huiona kwa urahisi gizani.

Tatu, ijaribu kabla ya safari. Iwashe, itumbukize kwenye bakuli la maji, iache usiku mzima jikoni. Asubuhi ikiwa bado inawaka na ndani hakuna umande, hiyo ni taa. Ikiwa imezimika, afadhali imezimikia jikoni kuliko ziwani.

Na kama mkono hauna kitu, ipo njia isiyohitaji betri kabisa. Chukua ule utepe unaong'aa wa kwenye vizibao vya bodaboda, zungusha kipande kidogo kwenye ncha ya fimbo, kisha funga na kikengele. Kengele ikilia anamulika tochi mara moja, utepe unamrudishia mwanga, anaona pa kushika. Sisi vipande hivyo tunabaki navyo chumbani kila wiki. Tulimshonea bi harusi wetu na kifuko cha lastiki cha kushikia taa kwenye fimbo, kazi ya dakika kumi.

Sasa kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia kwa sababu limetupata wenyewe. Mmoja wetu alikuta kibetri cha duara, cha taa nyingine ya ndani, mdomoni mwa mtoto wake anayetambaa. Tulikitoa, alhamdulillah, kabla hajakimeza. Baadaye ndipo tulipofahamu tulichoepushwa. Betri hizo za duara zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama kwa ndani katika muda wa saa mbili tu, hata mtoto akiwa halii sana. Ukishuku kuwa mtoto amemeza, ni hospitali papo hapo, hakuna kungoja kucha. Tangu siku ile betri zote za nyumba yetu, mpya na zilizokwisha, hukaa kwenye mkebe wenye kifuniko juu ya kabati. Taa inayotumika tena ina faida, lakini inakuja na amana hii, na amana hii mara nyingi ni ya mama.

Tunajua litakalosemwa, maana tumeshalisikia. Shangazi yake bi harusi alikuwepo siku ile akaguna: "Bwana harusi hupelekewa kanzu, kofia na manukato. Leo mnataka apelekewe taa ya ndoana? Watu watasema nini?" Shangazi tunamheshimu, na kanzu tunaishona sisi, hatuna ugomvi nayo. Lakini kanzu ile ataivaa Ijumaa, na ndoana ataishika Jumamosi mpaka Alhamisi. Mke anayekijua chombo cha kazi cha mumewe, bei yake na namna kinavyoharibika, ataelewa kwa nini wiki fulani pesa ya matumizi imepungua. Hatalazimika kuuliza kwa ukali, na mume hatalazimika kujibu kwa ukali. Tumeona nyumba changa zikitikisika kwa sababu ya shilingi elfu tano ambayo hakuna aliyejua ilikokwenda.

Wengine watasema taa ya kutumika tena ni ghali siku ya kununua. Ni kweli. Nasi tunawauliza wateja wetu kila siku: gauni la bei rahisi linalochanika mkono usiku wa harusi, rahisi yake iko wapi? Kinachogharimu zaidi mara nyingi ndicho kinachonunuliwa kidogo kidogo. Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, inatuonya juu ya ubadhirifu, na sisi huwa tunauona ubadhirifu kwenye dhahabu na kumbi kubwa tu. Hata mia tano inayotupwa kila usiku ina hesabu yake.

Kabla ya kumaliza, ukumbusho mmoja: taa nzuri haimpi mtu ruhusa. Mwenye kwenda kuvua usiku aulize kwanza kwa ofisa uvuvi au viongozi wa BMU wa ziwa lake, ajue palipofungwa na saa zinazoruhusiwa. Na asitoke peke yake.

Bi harusi wetu alikata pakiti za vijiti kwenye orodha yake zikabaki mbili. Alitaka kuzifuta zote, tukamzuia. Watoto nao wana haki ya kufurahi. Kwa pesa iliyobaki alinunua vijitaa viwili vya kuchajiwa, akavitia kwenye kifuko cha lastiki, akavikunjia ndani ya kanzu. Shangazi ndiye aliyefunga utepe wa zawadi. Alituambia tusimwambie mtu.

Nanyi mlio kwenye maandalizi, pitieni orodha zenu leo usiku mkiwa na kalamu. Kila kitu kiulizeni swali moja: asubuhi baada ya harusi, wewe utakuwa wapi? Kisichokuwa na jibu kipungueni. Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu na riziki za waume zenu, za mchana na za usiku. Amin.