Dhana ya Ufunuo na Veda katika Kiingereza: Kosa la Jina au Kosa la Itikadi?

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya Kiingereza vinavyomjulisha msomaji mgeni dini na fasihi ya Wahindu, Veda huelezwa mapema kabisa kuwa ni ufunuo wa Mungu. Maelezo hayo hutolewa kwa wepesi, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Neno la Kisanskriti shruti huwekwa upande mmoja, neno la Kiingereza lenye maana ya ufunuo huwekwa upande wa pili, na alama ya usawa huchorwa kati yake. Kutoka hapo usawa huo hurithiwa na wahariri wa diwani, watungaji wa mitalaa na, hatimaye, wanafunzi wa fasihi linganishi ambao hawana njia nyingine ya kuifikia Veda isipokuwa Kiingereza.

Makala haya yanaupinga usawa huo. Hoja yake ya kimsingi ni kwamba neno ufunuo, likitumiwa bila masharti, huitendea Veda dhuluma mbili kwa mpigo: huipa mtunzi ambaye wafasiri wake wakuu walimkana, na huipa hadhira ambayo walinzi wake waliifungia mlango. Dhuluma ya kwanza ni ya kifalsafa. Ya pili ni ya kijamii, nayo ndiyo nzito zaidi.

Matini isiyo na mtunzi

Ufunuo, kama unavyofahamika katika Ukristo na Uislamu, una viungo vyake: yuko anayefunua, yuko anayefunuliwa, upo ujumbe, na upo wakati ambapo ujumbe huo ulishuka. Ondoa kiungo kimoja na dhana nzima inalegea. Wanafalsafa wa Mimamsa, skuli iliyojishughulisha mno na ufasiri wa Veda, waliondoa vile vilivyo muhimu zaidi. Kuanzia Jaimini na Shabara hadi Kumarila Bhatta, aliyeandika katika karne ya 7 hivi, walishikilia kwamba Veda ni apaurusheya, yaani haikutokana na nafsi yoyote, iwe ya binadamu au ya Mungu. Uhusiano wa neno na maana yake, kwao, ni wa milele na haukuwekwa na mtu. Mamlaka ya Veda hayatokani na ukuu wa aliyeisema bali na kutokuwapo kwa aliyeisema: palipo na msemaji pana uwezekano wa kosa na hadaa, pasipo na msemaji hakuna wa kukosea. Marishi wanaotajwa pamoja na tungo 1,028 za Rigveda hawakuwa watunzi wala mitume. Walikuwa waonaji wa kitu ambacho hakikuwa na mwanzo.

Msimamo huu unaweza kukubaliwa au kukataliwa. Hauwezi, hata hivyo, kuitwa imani katika ufunuo wa Mungu, kwa kuwa ulijengwa makusudi ili Mungu asihitajike. Hata Rigveda yenyewe, katika utungo wa 129 wa kitabu cha 10, huishia katika shaka iwapo yule anayeusimamia ulimwengu kutoka juu mbinguni anajua ulikotokea. Matini inayothubutu kushuku kiasi hicho haifai kusomwa kama waraka uliotiwa saini na Mwenyezi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kutorithi kosa hili, maana sarufi ya lugha yake inamfungulia njia nyingine. Kufunua kunadai mtenda. Hata ukiligeuza tendo katika kauli ya kutendwa, swali hubaki: limefunuliwa na nani? Kusikika kumo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimdai mtenda. Shruti, basi, ni kilichosikika. Tafsiri hii ya neno moja inakaribia nadharia ya Mimamsa kuliko kurasa nyingi za utangulizi zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Kitabu kwa ajili ya dola

Jina hili halikuzuka hewani. Mwaka 1772, Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Bengal chini ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alipanga kwamba mashauri ya ndoa, urithi na tabaka yaamuliwe kwa Kurani yakiwa ya Waislamu na kwa Shastra yakiwa ya Wahindu. Mpango huo ulichukulia kwamba kila umma una kitabu chake, na kwamba ukikipata kitabu umekwisha kuupata umma. Mwaka 1776 ikachapishwa sheria ya Wahindu kwa Kiingereza, kazi ya Nathaniel Halhed. Mwaka 1785 ikafuata Bhagavad Gita ya Charles Wilkins, ikitanguliwa na barua ya Hastings mwenyewe iliyoeleza kwamba maarifa ya aina hiyo yana manufaa kwa dola. Karne moja baadaye, kati ya 1879 na 1910, mfululizo wa majuzuu 50 wa Vitabu Vitakatifu vya Mashariki, uliohaririwa na Max Müller na kuchapishwa Oxford, uliziweka Upanishadi, Kurani na maandiko ya Wachina katika rafu moja, chini ya jina moja.

Haidaiwi hapa kwamba wasomi hao walikuwa na hila, wala kwamba kazi yao haikuwa na thamani. Linalodaiwa ni kwamba neno walilolizoea kanisani lilivaliwa na matini ambayo haikushonewa. Veda ilihifadhiwa kwa kinywa na sikio, kwa mbinu za kughani ambazo hurudia na kupindua mpangilio wa maneno ili silabi isipotee. Ilifika kwa msomaji wa Kiingereza ikiwa kitabu, na kitabu kitakatifu kilimjia akilini kwa sura moja tu. Inashangaza kwamba katika Afrika Mashariki, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai mwaka 1968 kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi yake katika chuo kikuu cha Nairobi, wahakiki wa fasihi hiyo hiyo bado huipokea sura hiyo bila kuihoji.

Walioruhusiwa kusikia

Ufunuo huelekezwa kwa watu. Anayemwambia msomaji wa Kiingereza kwamba Veda ni ufunuo humwachia afikirie kwamba ujumbe huo ulitolewa kwa wanadamu wote, au angalau kwa Wahindu wote. Ukweli ni mwingine. Sheria za kale zilibainisha nani ana haki ya kusikia. Dharmasutra inayohusishwa na Gautama iliagiza kwamba Mshudra anayeisikiliza Veda kwa makusudi amwagiwe masikioni madini na lakiri iliyoyeyushwa. Shankara, mwanafalsafa aliyesifika Magharibi kwa fundisho la umoja wa nafsi zote, alilitetea katazo la Mshudra kujifunza Veda katika ufafanuzi wake wa Brahmasutra, na agizo hilo akalitaja kama ushahidi. Wanawake nao, katika sehemu kubwa ya mapokeo hayo, walitengwa.

Mtetezi atajibu kwamba makatazo hayo yamo katika smriti, yaani mapokeo yaliyokumbukwa, si katika shruti yenyewe. Jibu hilo ni sahihi kwa mwenye kuainisha vitabu; halimfai aliyezibwa masikio. Kilichosikika hakiwezi kuelezwa pasipo kueleza nani alikatazwa kusikia. B. R. Ambedkar alilielewa jambo hili. Manusmriti ilipochomwa hadharani huko Mahad tarehe 25 Desemba 1927 katika harakati alizoziongoza, na alipoandika mwaka 1936 kwamba tabaka haliwezi kuangamizwa bila kuvunja utakatifu wa Shastra na Veda, hakuwa akipambana na ufunuo uliosahauliwa na wafuasi wake. Alikuwa akipambana na mamlaka yaliyojengwa juu ya mpaka wa sikio. Neno ufunuo huufuta mpaka huo kwa kalamu, na pamoja nao huufuta ushahidi wa waliouvunja.

Utetezi wa wenyeji

Hoja nzito zaidi inayoweza kuletwa dhidi ya makala haya ni kwamba Wahindu wenyewe wamelitumia neno hilo. Ni kweli. Swami Vivekananda alilitumia Chicago mwaka 1893, mbele ya Bunge la Dini za Ulimwengu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alilazimika kuligeuza ndani nje: akaeleza kwamba kwa Veda hakukusudia vitabu, bali hazina ya kanuni za kiroho zilizogunduliwa na watu mbalimbali katika nyakati mbalimbali, mfano wa kanuni ya uvutano iliyokuwapo kabla ya kugunduliwa. Kinachogunduliwa hakikutumwa. Msemaji aliazima neno la wenyeji wake wa Marekani, kisha akatumia hotuba kulirekebisha. Waliomfuata wamelihifadhi neno na kuyatupa marekebisho.

Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, ni kisa tofauti. Yeye alifundisha kwamba Mungu aliitoa Veda kwa marishi wanne mwanzoni mwa uumbaji, na kwamba ni haki ya kila mtu, Washudra na wanawake wakiwemo. Hapa neno ufunuo linafaa kikamilifu. Lakini Dayananda alikuwa akibishana na makuhani wa zama zake, na ushindi wowote alioupata aliupigania. Kudai kwamba Veda imekuwa ufunuo kwa wote tangu hapo ni kumnyang'anya hata yeye mapambano yake.

Hali kadhalika, wanafalsafa wa Nyaya walimtambua Ishvara kuwa mtunzi wa Veda, na katika Bhagavad Gita Krishna husema na Arjuna uso kwa uso. Gita, hata hivyo, imo ndani ya Mahabharata, ambayo kwa uainishaji wa kimapokeo ni smriti. Na maneno ya Krishna humfikia msomaji kupitia kwa Sanjaya, anayemsimulia mfalme kipofu. Mhakiki wa fasihi anayeruka ngazi hizo za usimulizi ili amfikie Mungu haraka ameacha kazi yake.

Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba neno ufunuo lipigwe marufuku. Linalopendekezwa ni kwamba kila anayelitumia aeleze ni ufunuo kwa mujibu wa nani: Nyaya au Mimamsa, Dayananda au Shankara, aliyekaribishwa kusikia au aliyefukuzwa. Asiyeweza kueleza hayo na aandike shruti, aifasiri kuwa kilichosikika, na asonge mbele. Idara za fasihi zinazoifundisha Veda kwa lugha ya tatu zina wajibu huo maradufu, kwa sababu mwanafunzi wao hana Kisanskriti cha kumkinga. Akipewa jina lisilofaa, atalibeba hadi darasani kwake mwenyewe, na huko hatakuwapo wa kumuuliza ni nani aliyefunua, na ni nani aliyezibwa masikio.