Moto Hauteketezi Kila Sumu



Ndugu wasomaji, makaa yamepanda bei, kuni nazo zimekuwa adimu, na gesi si ya kila nyumba. Kwa hivyo mama wa nyumba anapoletewa gunia la vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala, au kutoka jengo linalojengwa mtaani, humshukuru Mola na kuvipanga kando ya meko. Mbao hizo ni kavu, zashika moto upesi, na hazikumgharimu hata senti. Aliyezitoa naye huondoka akijua amemfaa jirani. Juma hili natamani tuzitazame mbao hizo kwa makini kabla hazijaingia motoni, kwa kuwa si kila kipande cha mti ni kuni.

Hapa Pwani hakuna mwenye nyumba asiyemjua mchwa. Wazee wetu walijikinga naye kwa kuchagua mti wenyewe: walijengea boriti za mkoko, ambazo mchwa hazili upesi, na vyombo vyao vya baharini wakavipaka sifa na shahamu. Siku hizi twajenga kwa miti kama mkaratusi na msonobari, nayo haidumu pasipo dawa. Dawa hiyo haipakwi juu kwa brashi tu. Husukumwa kwa mtambo wenye nguvu mpaka ikazama ndani ya mti. Iliyoenea zaidi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na ndiyo inayoipa milingoti mingi ya stima na nguzo za ua ile rangi ya kijani-kijani zikiwa mpya. Mti ukisimama uani hauna neno kubwa. Balaa huanza pale unapotiwa motoni.

Wengi wetu twaamini kwamba moto husafisha kila kitu. Imani hiyo ina msingi: maji yakichemka vijidudu hufa, na nyama ikiiva hulika bila hofu. Lakini vijidudu ni viumbe hai, na moto huua chenye uhai. Aseniki na risasi ni madini. Moto hauwezi kuyaua wala kuyateketeza, huyahamisha tu. Yaliyokuwa yamefungwa ndani ya mti hutoka, sehemu yakapanda na moshi hadi kifuani mwa mpishi, na sehemu yakabaki kwenye jivu. Mbao zikiisha kuwaka, sumu ingali ipo nyumbani, na sasa imekuwa vumbi jepesi linaloingia kinywani, machoni na chakulani.

Haya yamekwisha kuwapata watu. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida lao la tiba habari za familia moja ya watu wanane, katika jimbo la Wisconsin, waliokuwa wakiota moto wa mbao zilizotiwa dawa hiyo ndani ya nyumba yao. Kila msimu wa baridi waliugua: macho na vifua viliwauma, ngozi zikawatoka vipele, na misuli ikawakaza, baba na mama wakapukutika nywele. Joto la kiangazi lilipoingia na jiko likazimwa, hali zao zilipata nafuu, kisha baridi iliporudi maradhi yakarudi nayo. Uchunguzi ulipofanywa, aseniki ilikutwa katika nywele na kucha zao. Nasi tukumbuke kwamba wenzetu hao huwasha moto wa kuota kwa miezi ya baridi peke yake, ilhali meko yetu hayapoi mwaka mzima.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa si za peke yake. Milango na madirisha ya zamani mara nyingi yalipakwa rangi ya mafuta yenye risasi. Uchungu wa risasi twaujua: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watoto wa mtaa risasi katika damu. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huathirika ubongo na masomo yake polepole, pasi na homa wala jeraha la kumshtua mzazi, na mja mzito huipitisha hadi kwa kichanga kilicho tumboni. Plaiwudi na chipubodi nazo zimeshikanishwa kwa gundi, na moshi wake huchoma macho na koo. Nguzo nyeusi zinazonuka lami, na mbao za mashua zilizopakwa rangi ya kuzuia chaza, zote si za mekoni.

Mapaleti yatokayo bandarini yana alama ya kusoma. Tafuta muhuri wenye picha ya shuke la ngano. Herufi HT zaonyesha kwamba mbao zilikaushwa wadudu kwa joto tu, na herufi MB zaonyesha kwamba zilifukizwa gesi ya sumu. Zenye MB ziache, na hata zenye HT ziache ikiwa zina madoa ya mafuta au kemikali. Rangi ya kijani isiwe kipimo chako cha pekee, kwani nguzo ya dawa ikikaa juani miaka mingi hugeuka kijivu kama mti mwingine wowote. Rangi hupotea, aseniki ikabaki. Kipande usichokijua asili yake kihesabu kuwa kina dawa.

Sasa tuje kwenye jivu, maana hapa ndipo hatari inapojificha. Jivu kwetu ni mali: twasugulia masufuria, twachanganya na maharagwe ili yasiliwe na wadudu, twanyunyizia mchicha, na kuku hujigaragaza ndani yake. Jivu la mbao za dawa halifai kwa lolote katika hayo. Ikiwa zimekwisha kuchomwa, usilifagie likiwa kavu. Linyunyizie maji, lizoe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, lifunge vizuri, nalo liende na taka, mbali na kisima na bustani. Mtoto akilila, au mtu akianza kutapika, kuumwa na tumbo au kuhisi ganzi na michomo mikononi na miguuni baada ya moto wa mbao hizo, mpelekeni hospitalini na mumweleze daktari ni kitu gani kilichochomwa. Pasipo habari hiyo atatibu tumbo, na chanzo kikabaki jikoni.

Kuni salama tunazo. Vifuu na makumbi ya nazi, makarara, matawi makavu ya mwembe na kuni za mvinje vyote huivisha chakula bila dawa. Hata hivyo, moshi wa kuni yoyote una madhara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Basi pikeni penye hewa, na watoto wachanga wasilazwe kando ya meko.

Neno langu la mwisho ni kwa watoaji: mafundi, wenye majengo, na nyinyi mnaotafuta kuni za pilau ya arusi au hitma. Anayepokea mbao za bure mara nyingi ni mjane au mama mchuuzi wa mahamri, ambaye hana nafasi ya kuchagua wala kuuliza. Jukumu la kuuliza ni la anayetoa. Zitengeni mbao safi na zile za dawa, na za dawa zijengeeni ua au zitupeni, lakini msimpe mtu azipikie. Sadaka inayomtia jirani sumu kifuani haijamsaidia, hata kama nia ilikuwa njema.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah.